Kumi na Sita Katika Waya Mmoja

Wimbo ulipoanza kulia kwenye spika, Kiongozi wa bendi alikuwa bado hajaamua akae au asimame. Kiti pekee chenye mgongo kilikuwa kimejaa mashuka ya nyumba ya wageni, yamepigwa pasi na kukunjwa, na Mama Dobi aliyahamishia kitandani haraka haraka huku akiomba radhi. Mbao za kiti zilikuwa na unyevu wa mvuke. Kiongozi akatandika leso yake, akakaa ukingoni, akasikiliza. Hata ubeti wa kwanza haujaisha, akainua uso.

"Dramu ziko wapi?"

"Zimo," akasema Binti, macho yake kwenye kompyuta.

"Tarumbeta?"

"Imo."

"Mimi nasikia kinanda. Kinanda juu, kinanda chini, kinanda katikati. Kama watu kumi na sita wamekalia kinanda kimoja na kila mtu ana haraka zake."

Mtunzi wa wimbo huo, Mzee Vidole, alikuwa karibu na dirisha, taulo begani. Jina hilo alipewa na wapenzi wa bendi zamani, walipoona hawezi kula wala kuzungumza bila vidole vyake kugonga kitu. Miezi minne nyuma kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno. Kilimwachia "ee" ya kukubali na "mba" ya kukataa, na kwa hayo mawili alitakiwa aombe maji, aombe kugeuzwa, na akatae uji. Kinanda chake kikubwa cha zamani nacho hakikumngoja. Umeme uliruka mara moja tu, kikanyamaza. Fundi redio alikifungua, akakinusa, akasema sauti ndiyo imeungua lakini vitufe bado vina akili zake, na mkikifunga waya kwenye kompyuta kitasema kwa mdomo wa kompyuta. Nyimbo kumi na moja za bendi, ambazo Mzee alizihifadhi kwenye diski za mraba, fundi huyo huyo ndiye aliyezihamishia kwenye flashi. Hakuongeza neno la jinsi ya kuzifungua.

Kiongozi akaomba wimbo uzimwe.

"Shemeji," akamwambia Mama Dobi, "mimi simfukuzi mtu. Tumekula naye, tumelala naye barabarani. Lakini bendi ni watu tisa na shughuli hazingoji. Jumamosi saa sita, ukumbini. Nyimbo zikilia kama zilivyokuwa zikilia, Mzee ni mwenzetu na mgao wake uko palepale. Zisipolia, kuna mpiga kinanda mwingine anakuja na nyimbo zake. Yeye akija na zake, hizi hatutazipiga tena."

"Hata moja?"

"Shemeji, mke mpya haingii na vyungu vya mke wa zamani." Akamtazama Mzee, halafu akamgeukia mke. "Anasikia lakini?"

"Muulize," akasema Mama Dobi. "Yupo hapo."

Kiongozi hakuuliza. Alikunja leso yake akaitia mfukoni na unyevu wake. Mlangoni akampa Mzee mkono, na kama watu wengi akampa wa kulia. Mzee akautazama ule mkono uliotangulia, akainua wa kushoto, wakashikana kombokombo.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

*

Alhamisi Binti hakwenda kazini. Alikuwa akichapa barua na kutoa nakala kwenye duka la steshenari, na mwenye duka alimjibu kwa simu kwamba siku asiyofanya kazi hailipwi. Akasema ahsante. Alikaa mbele ya kompyuta aliyoinunua mitumba, yenye kitufe kimoja kilichong'oka, akasoma maelezo ya watu wa mbali wanaotengeneza muziki kwa programu kama yake.

Mama Dobi alikuwa nje akisugua. Kila akija kuchukua maji alisimama nyuma ya mwanawe, mikono inadondosha povu sakafuni. Elimu yake iliishia darasa la tatu, lakini hakuna kitu kilichomwasha kama kitu kinachofanya kazi mbele ya macho yake bila yeye kujua kinafanyaje. Siku moja aliifungua pasi mpya ya nyumba ya wageni ili aone maji yanakaa wapi, na akaifunga vizuri.

"Hebu nieleze," akasema. "Baba yako alipiga filimbi, alipiga besi, alipiga dramu, vyote kwa kinanda kile kile. Sasa mbona vimegeuka kinanda?"

"Mama, ndani ya flashi hamna sauti."

"Hamna sauti kuna nini?"

"Maagizo. Bonyeza hapa, achia hapa, bonyeza kwa nguvu kiasi hiki. Basi. Sauti inatengenezwa huku." Akaonyesha kwenye kioo orodha ndefu. "Hizi zinaitwa sinthesaiza. Ni mashine za sauti, ila huzishiki kwa mkono. Hii inalia kama filimbi, hii besi, hii fidla. Agizo likifika, mashine inatoa sauti yake."

"Na maagizo yote yanapita wapi?"

"Waya mmoja."

"Wote kumi na sita?"

"Wote. Ila kila agizo lina namba yake mbele, moja mpaka kumi na sita. Wanaita chaneli."

Mama Dobi akaifuta mikono kwenye kanga. Alikwenda kwenye rundo la nguo chafu, akavuta shati, akageuza ukosi. Ndani palikuwa na mishono miwili ya uzi mwekundu.

"Huyu ni nani?"

"Mwalimu wa pale kona."

"Na huyu?" Gauni, mshono mmoja wa kijani.

"Nesi."

"Beseni langu ni moja. Kamba ni moja. Wote wanaoga maji mamoja, na jioni kila mtu anafika kwake. Sasa wewe mashine yako imefanyaje? Imesimama mlangoni, imepokea nguo zote za mtaa mzima, imezivaa yenyewe."

Binti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha akaacha kucheka, akasogeza kiti. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Programu ilikuwa imeweka sinthesaiza moja tu, ya piano, na kuiambia ipokee chaneli zote. Hakuna aliyeiambia vingine. Akaitafuta sehemu ya kubadilisha hayo, ikamchukua mpaka saa sita mchana kuiona, kumbe ilikuwa kijisanduku kidogo pembeni kilichoandikwa "zote".

Akaanza kugawa. Namba moja, kinanda chenyewe, akaipa sinthesaiza ya ogani aliyokuwa akiipenda baba yake. Namba mbili ilikuwa na nota nzito zinazotembea polepole, akaipa besi. Tatu, gita. Nne, tarumbeta, na hiyo ilipolia ndani ya chumba Mama Dobi alitumbukiza kata kwenye ndoo akaja mbio kusikiliza. Kila namba iliyopata mashine yake ilikuwa kama mtu aliyevuliwa gunia. Mzee Vidole naye alikuwa amegeuza shingo, mdomo wazi, na mate yalimtoka bila yeye kujua. Mkewe akayafuta kwa taulo bila kuacha kusikiliza.

Namba kumi Binti hakuisumbukia. Kila alikosoma, wote walikuwa wamekubaliana: kumi ni ya dramu, dunia nzima. Akaipa dramu, akasonga mbele. Kumi na moja mpaka kumi na tano zilikuwa tupu. Kumi na sita ilikuwa na ngurumo za ajabu chini kabisa ya kinanda, kama mtu anayegonga meza kwa kiwiko. Aliisikiliza akakunja uso.

"Hii takataka ya diski," akasema, akaifunga.

Hapo Mzee akaguna. "Mba."

"Nini baba?"

Mzee akainua mkono wa kushoto. Akafungua kiganja, akakunja. Akafungua, akakunja. Akafungua mara ya tatu, akakunja, kisha akabakiza kidole kimoja.

"Anahesabu mapigo," akasema Binti. "Unaona wimbo unakwenda mbio, ee baba? Nipunguze?"

Akaupunguza mwendo. Mzee akapiga mkono wa kiti kwa kofi, akarudia vile vile: kiganja, kiganja, kiganja, kidole.

"Ni dawa," akasema mama. "Ya saa tisa."

"Saa tisa bado."

"Basi choo."

Wakambeba kumpeleka chooni. Huko hakukuwa na haja yoyote. Mzee alikaa, akawatazama kwa zamu mke na mwana, akafumba macho kama mtu aliyefika dukani akakuta hakuna hata mmoja anayejua lugha yake.

*

Ijumaa asubuhi Binti alimtumia Kiongozi wimbo kwa simu. Ulikuwa wimbo mkubwa wa bendi, *Nakungoja Kizingitini*, ule ambao wenye shughuli huuomba kabla hata hawajauliza bei. Alijua una kasoro. Vyombo vingine vililia vizuri, lakini dramu zilikuwa na kichaa: kengele hapa, kijiti pale, kitu kama mfuniko wa sufuria, na katikati ya kiitikio firimbi ya refa. Alifikiri labda ndivyo zilivyokuwa siku zote, na yeye alikuwa mtoto hakusikiliza vizuri.

Kiongozi alipiga simu baada ya dakika kumi. Nyuma yake palikuwa na watu.

"Binti, rudia tena wenzangu wasikie. Nimeweka sauti kubwa."

Akarudia. Firimbi ya refa ilipolia, kicheko kikatoka kwenye simu kama maji ya mfereji uliofunguka.

"Mpira umeanza," akasema mmoja.

"Mzee wetu siku hizi yuko ligi," akasema mwingine.

"Jamani, mheshimuni," akasema Kiongozi, lakini sauti yake nayo ilikuwa na kicheko ndani. "Binti, umejitahidi. Kweli. Kesho njooni tu, tuagane vizuri. Na mwenzetu yule nitamwambia aje saa sita hiyo hiyo, ili siku isiharibike."

Binti aliweka simu chini. Simu hiyo ilikuwa na sauti kubwa kuliko alivyodhani, maana baba yake alikuwa amesikia yote na kuugeukia ukuta.

Mama Dobi alichomeka pasi, akatandaza shuka la nyumba ya wageni juu ya meza ya uani, chini ya dirisha. Ndani Binti akaucheza wimbo tena, na tena, sehemu ya refa tu, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Akafunga vyombo vyote vingine ili amsikie mkorofi peke yake. Ko, ko-ko, ting. Ko, ting-ting, prrr.

Pasi ya Mama Dobi ilikwenda mbele na kurudi. Baada ya muda aliona kitu cha ajabu: pasi ilikuwa ikisimama pale kelele zinaposimama. Si mara moja. Kila mara. Na koo lake lilikuwa likivuma wimbo, nao ule uvumaji ukiangukia kwenye kila ko na kila ting bila kukosea.

Aliacha pasi ilipo akaingia ndani.

"Rudia mwanzo."

"Mama, tafadhali."

"Rudia, nimesema."

Kelele zikaanza. Mama Dobi akasimama katikati ya chumba, akavuma kwa mdomo uliofungwa. Mahali alipovuta sauti, sufuria ilivuta. Mahali alipokata, kengele ilikata. Binti akageuka taratibu.

"Hiyo si dramu," akasema Mama Dobi. "Hiyo ni filimbi. Baba yako aliitunga akiwa amesimama nyuma yangu napiga pasi, anapiga mluzi mpaka masikio yananiuma. Hapo kwenye refa ndipo nilipomwambia umepanda mno, shuka. Akakataa kushuka." Akamgeukia mumewe. "Ulikataa au hukukataa?"

"Ee," akasema Mzee, na shingo yake ikatoka ukutani.

"Lakini hii ni namba kumi," akasema Binti. "Kumi ni dramu, mama. Kila mtu amesema."

"Kila mtu nani?"

"Wote. Ndiyo kawaida."

"Kinanda cha baba yako kilizaliwa lini?"

"Kabla yangu."

"Hao walioandika kawaida walikiuliza?" Akavuta shati la mwalimu kutoka kwenye rundo, akaugeuza ukosi tena. "Kwangu uzi mwekundu ni mwalimu. Nenda kwa yule dobi wa ng'ambo ya barabara, mwekundu ni wa muuza nyama. Siku ile mtoto wake alipochanganya kapu lake na langu, mwalimu alivaa nini shuleni?"

Binti alikumbuka. Mwalimu alikwenda shuleni na shati la muuza nyama, limemfika magotini.

"Alama za dobi mmoja si alama za dobi mwingine," akasema mama. "Nguo haikukosea. Waliokosea ni wasomaji. Mpe kumi filimbi yake."

Binti aliondoa mashine ya dramu kwenye namba kumi, akaweka ya filimbi. Akabonyeza. Ikatoka nyembamba, safi, ikapanda pale ilipokatazwa kupanda.

"Basi dramu ziko wapi?" akauliza Binti, na safari hii hakuiuliza kompyuta.

Mzee Vidole alikuwa ameshainua mkono. Kiganja. Kiganja. Kiganja. Kidole.

Walimtazama wote wawili. Binti akahesabu kwa midomo, akajishika kichwa.

"Baba. Tangu jana?"

"Ee," akasema Mzee, na ile "ee" ilikuwa ndefu yenye matusi ndani yake.

"Na mimi nikampeleka chooni," akasema Mama Dobi.

Kumi na sita ikafunguliwa. Ngurumo ikarudi, kiwiko juu ya meza. Binti akaivua piano, akaivisha dramu, na ile takataka ikasimama wima ikawa mpigo: teke zito, kofi, na upatu mwembamba unaokimbia juu yao. Mguu wa kushoto wa Mzee ukaanza kugonga sakafu. Binti akafungua vyombo vyote. Wimbo ukajaa chumba kama ulivyokuwa ukijaa kumbi, na jirani mmoja akachungulia ukutani kuuliza kama Mzee amepona.

Harufu ndiyo iliyomkumbusha Mama Dobi pasi. Shuka la wageni lilikuwa na alama ya kahawia, umbo la mashua, katikati kabisa. Akalitazama. Lingemgharimu wiki nzima ya kufua, pamoja na maneno ya meneja. Akalikunja alama ikiwa ndani, akaliweka kando.

*

Jumamosi asubuhi nyimbo zote kumi na moja zilikuwa zimegawiwa. Zilizobaki hazikumchosha Binti. Mzee alikuwa na mpango mmoja maisha yake yote, filimbi kumi, dramu kumi na sita, na hakuubadilisha hata siku moja. Wakazicheza zote mfululizo mara ya mwisho kabla ya kutoka.

Katikati ya wimbo wa kwanza Mzee akaomba kwa mkono asogezwe kwenye kompyuta. Akashika mausi kwa mkono wa kushoto, kama mtoto anavyoshika kijiko. Kishale kikazunguka kioo kizima, kikapotea, kikarudi, kikatua kwenye namba moja. Akabonyeza. Ogani ikanyamaza.

"Umefunga ya kwako, baba," akasema Binti, akaifungua.

Mzee akaifunga tena.

"Baba, hiyo ndiyo wewe. Wakikosa ogani watasema bado kuna kasoro. Umepiga mwenyewe, vizuri, mikono miwili, imo humu. Kwa nini tuitoe?" Akaifungua.

Ilimchukua Mzee muda mrefu kuufikisha mkono wake pale. Akaifunga mara ya tatu na kuuacha mkono juu ya mausi.

"Mama, mwambie."

Mama Dobi alikuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati jeupe, aliloliosha na kulitia wanga. Alifika kifungo cha mwisho ndipo akasema.

"Mwenye nyumba kafunga mlango wake. Wewe unaugongea nini?"

"Na ukumbini akishindwa?"

"Atakuwa ameshindwa yeye. Si kompyuta imeshindwa kwa niaba yake." Kisha akauliza, kwa sababu hakuweza kujizuia: "Lakini ukifunga agizo, ile mashine ya ogani yenyewe imelala au iko macho?"

"Iko macho. Inasubiri agizo tu."

"Kutoka popote?"

"Kutoka popote. Hata kwenye kinanda chake kibovu, tukikifunga waya."

"Kibebe," akasema mama.

*

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa ghala la zamani lenye madirisha juu. Walifika kwa mkokoteni wa kukodi, Mzee amekaa juu ya godoro la sponji, kinanda amekipakata, mguu wake mmoja unaning'inia. Wanabendi waliacha kucheka kwao, wakaja kumshusha. Mpiga kinanda yule mwingine alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni na begi lake, mtu mwenye adabu. Alisimama akampa Mzee mkono wa kushoto bila kuambiwa.

Binti alifunga nyaya. Kompyuta kwenye spika kubwa, kinanda bubu kwenye kompyuta. Akabonyeza.

Dramu zilipoingia, mtu aliyesema habari za ligi aliinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Filimbi ilipopanda, Kiongozi alitikisa kichwa, akasikiliza wimbo mpaka mwisho na wa pili nusu.

"Ndizo," akasema. "Ndizo zenyewe. Binti, umefanya kazi." Akavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa sikiliza. Niachie hiyo kompyuta na namna ya kuiwasha. Mzee akapumzike nyumbani kwa heshima zake. Ya mgao tutakaa tuyaangalie."

Mama Dobi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Maneno kama hayo aliyafahamu. Ndiyo maneno ya mteja anayesema nguo zako zinapendeza, ila kuanzia mwezi ujao tumenunua mashine.

"Pigeni kwanza na mwimbaji," akasema. "Nyimbo za kuimba hazijaribiwi kwa masikio tu."

Mwimbaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliweka kikombe chake chini akaja mbele. Dramu, besi, gita. Ikafika pale kabla ya ubeti ambapo ogani humkabidhi wimbo. Hapo palikuwa na shimo. Dramu ziliendelea kupita juu yake, na mwimbaji alifungua mdomo, akaufunga, akageuka nyuma kumtafuta mtu.

"Nashikia wapi?"

Kiongozi akamjia Binti. "Kuna kitu hakijafunguliwa."

"Namba moja."

"Si uifungue."

"Ni ya baba. Ameifunga mwenyewe."

"Lakini mtu akibonyeza hapo inafunguka?"

Binti alimtazama mama yake. Angeweza kusema haifunguki, na hakuna aliyekuwapo ambaye angejua.

"Inafunguka," akasema.

Mkono wa Kiongozi ukaenda kwenye mausi. Mwimbaji akasema bila kuinua sauti, "Ngoja, Kiongozi. Rudisha nyuma tu. Mimi namtazama Mzee."

Wimbo ukarudi nyuma. Mama Dobi alichukua mkono wa kushoto wa mumewe, uliokuwa mapajani, akauweka juu ya vitufe, akaondoa wa kwake. Dramu, besi, gita. Shimo likaja. Kwenye diski Mzee alikuwa amelijaza na nota kumi na mbili zinazoteremka kama mtu mwenye furaha anayeshuka ngazi. Sasa zikatoka tatu. Ya kwanza ilichelewa. Ya pili aliibonyeza akasahau kuiachia, ikabaki inalia, na ya tatu ikaingia chini yake.

Mwimbaji aliingia juu ya ile ya tatu, barabara, na akaimba ubeti wote akiwa ameupa ukumbi mgongo.

Kiongozi alisimamisha wimbo. Wanabendi walitazama vyombo vyao.

"Hizo nota tatu," akamwambia Mzee, na safari hii alimwambia Mzee mwenyewe, ameinama. "Wiki ijayo utazirudia vile vile?"

Mzee akafikiri. "Mba," akasema.

Mtu mmoja alicheka, si kwa ubaya.

"Angalau hadanganyi," akasema mwimbaji. "Na mimi naingia."

Kiongozi akamtazama yule mwenye begi pale mlangoni. Yule mtu alikuwa ameshalipachika begi begani.

"Mimi nina shughuli upande wa pili," akasema kwa upole. "Nilipita tu kusalimia." Akatoka.

Walipiga nyimbo nne. Katika mbili Mzee alipotea kabisa na Binti akamfungulia namba moja, akaifunga alipoinua kidole. Hakuna aliyepiga makofi. Saa nane wakaanza kukusanya vitu, na Binti alikuwa ameshaanza kuchomoa waya wa kinanda wakirudishe mkokotenini, Kiongozi alipomwita.

"Kiacheni stoo, na vyetu. Mtakibeba kila wiki mpaka lini? Kuna mtu atakuja kuwachukua Jumamosi. Saa sita, si saa saba."

Mama Dobi alipekua upindo wa kanga, mahali alipochomeka sindano zake zenye nyuzi. Mwekundu ulikuwa wa mwalimu, kijani wa nesi, manjano wa meneja wa nyumba ya wageni ambaye bado hajaambiwa habari za shuka lake. Nguo za nyumbani kwake hazikuwahi kuwa na alama, kwa kuwa hazikuwahi kwenda popote. Akatafuta mpaka akapata mweusi, ambao haukuwa wa mtu, akaufunga mara mbili kwenye kishikio cha kinanda, akaukata kwa meno.

"Hiyo ya nini, shemeji?" akauliza Kiongozi.

"Alama."

"Ya nani?"

Mama Dobi akakipangusa kinanda vumbi kwa ncha ya kanga.

"Muulize," akasema. "Yupo hapo."

Kiongozi akageuka, akamuuliza.